Uji wa Siku Nne

Nilifika Ujiji siku ya pili ya matanga ya Bi Chausiku. Wanawake walikuwa wamejaa chumba cha kati na ua wote, na mimi kwa umri wangu nikapewa godoro karibu na ukuta, mahali pa kuegemea. Tulisoma, tukaomba dua, kisha chai ikaja pamoja na chapati. Asha, binti wa marehemu, akawaambia waliokuwa wakigawa, "Bi Hadija hali ngano, mleteeni muhogo." Nikamshukuru. Akakaa karibu nami, akafuta macho kwa upindo wa kanga, na kwa nia ya kutuchangamsha akaanza kusimulia. "Mama alikuwa na kisa chake na huyu mwalimu. Kila tukichoma chapati lazima akitoe. Eti alimtilia unga wa ngano kwenye uji siku nne nzima, na Bi Hadija anakunywa, anasifu, anasema leo uji mlaini. Hajui kitu." Wanawake wakacheka kile kicheko cha matangani, kinachoanza na kujizuia. Mmoja akasema marehemu alikuwa mchokozi. Mwingine akasema, "Wee, mchokozi mpaka basi." Nikatabasamu, kwa kuwa maiti hajibu, na kwa kuwa binti yule hakujua anachokisema. Radhi nimempa Bi Chausiku. Nilimpa miaka mingi kabla hajaumwa, naye hakuniomba. Lakini kumpa mtu radhi si kumruhusu awachekeshe watu juu yako, na kisa kile kimewachekesha watu kwa zaidi ya miaka arobaini. Nimeona nikiandike kilivyokuwa.

Ulikuwa mwaka ule unga wa ngano ulipoadimika madukani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nikiishi kwa Mwalimu Bi Nuru pamoja na wasichana wengine watano waliotoka mbali kuja kusoma kwake. Asubuhi tulisoma, mchana tulifanya kazi za nyumba, alasiri tulisoma tena. Tulilala chumba kimoja kirefu chenye dirisha dogo linalotazama jikoni, kwa hiyo yaliyosemwa jikoni yote tuliyasikia, na yaliyopikwa tuliyanusa kabla hayajaiva. Jikoni alitawala Bi Chausiku, mdogo wake Mwalimu, mwanamke mwenye mikono mizuri ya mapishi na ulimi usiopumzika. Kabla ya mwaka ule mimi nilikuwa msichana wa kuumwa. Tumbo lilinijaa kama ngoma, mdomo ulitoka vidonda, nilikuwa mwembamba hata wenzangu waliniita Ukuti. Nilikunywa dawa za minyoo mpaka nikaijua ladha ya kila moja. Nilikunywa mizizi. Niliandikiwa kombe, aya zinazooshwa kwa maji, nikalinywa kwa imani, na imani yangu sikuitilia shaka hata tumbo lilipoendelea kuuma. Niliona ndivyo Mungu alivyoniumba, nami nikamshukuru kwa kilichobaki.

Kisha unga wa ngano ukapotea. Maandazi ya alfajiri yakaisha, chapati za Ijumaa zikaisha, biskuti hata kwa wagonjwa hazikuonekana. Bi Chausiku alilalamika kutwa nzima. "Tumerudi shamba," alisema, akitazama wale kati yetu tuliotoka Ilagala na Kalinzi kana kwamba sisi ndio tulioificha ngano. Tukawa tunaanza siku kwa muhogo wa kuchemsha au uji wa mtama. Mchana ugali wa muhogo na dagaa, au samaki mgebuka wa kuchoma akipatikana, na yale majani ya muhogo tunayoyaita sombe, yamepikwa kwa mawese mpaka yanang'aa. Wenzangu walikonda. Mimi nilinenepa. Mwezi wa kwanza vidonda vya mdomo vikakauka, wa pili nikaanza kulala bila kushika tumbo, wa tatu nikafungua pindo la gauni langu kwa kuwa lilinibana. Mwalimu mwenyewe aliona. "Hadija," aliniambia nikimshikia birika la kutawadhia, "watu wote wana njaa, wewe umepewa shibe. Unakula wapi?" Tukacheka wote wawili. Sauti yangu nayo ikafunguka. Niliweza kusoma juzuu nzima bila kuegemea, na Mwalimu akaanza kuniita mbele niwasomeshe wadogo.

Nami nilijua kwa nini. Wanawake wa Bangwe walikuwa wamemwomba awape msichana mmoja wa kuwafundisha binti zao kule kwao, maana Ujiji ilikuwa mbali kwa miguu ya watoto. Mwalimu alikuwa hajamtaja mtu, lakini macho yake yalikuwa kwangu na kwa Zena, msichana mkubwa kuliko sisi wote, mpole, mwenye hati nzuri. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Nasema hivi bila haya, kwa kuwa sikuitaka kwa ajili ya sifa. Tangu utoto nilikuwa yule anayelazwa pembeni na kuonewa huruma. Nilitaka chumba chenye mkeka na watoto ishirini wanaoningoja mimi.

Mzigo wa kwanza wa unga ulivuka ziwa, ukaja na mfanyabiashara aliyekuwa na jamaa ng'ambo. Siku ile nyumba yetu ilikuwa kama ya arusi. Bi Chausiku alikanda akiimba, akatuchomea chapati mpaka moshi ukatutoa machozi, nami nikala nne, kwa furaha kama wenzangu. Siku ya tatu nilikuwa nimejikunja mkekani. Maandazi yakarudi alfajiri, vidonda vikarudi mdomoni. Msichana wa miaka kumi na saba si mjinga. Nilihesabu siku, nikaona. Nikaacha ngano wiki mbili, nikapona. Nikajaribu andazi moja, nikaumwa. Nikaenda zahanati, na mganga mzee aliyekuwa akinipa dawa za minyoo miaka yote akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Nimewahi kusikia watu wa namna hiyo," alisema, "utumbo haupatani na ngano. Kipimo chake hapa hatuna. Lakini binti yangu, dawa umeshaijua mwenyewe. Iache, na usione haya." Miaka mingi baadaye, katika hospitali kubwa, walinipima na kunipa jina la ugonjwa lililoandikwa kwenye karatasi. Sikusikia lolote jipya zaidi ya yale ya mzee yule.

Kuacha ngano katika nyumba ile ilikuwa kazi kuliko kufunga. Anayefunga anajua jua likizama atakula pamoja na watu. Mimi ilinibidi nijifunze mahali ngano inapojificha. Tambi za sukari tulizokula kwenye futari sikujua kuwa ni ngano mpaka ziliponilaza. Kaimati, sambusa, visheti, vyote. Vitumbua ni vya mchele, nikavikimbilia, kumbe mpishi akipungukiwa mchele huongeza ngano kiganja kimoja na hasemi. Hata samaki wa kukaanga, wako wanaompaka unga kwanza ili asishike kikaangoni. Na gumu kuliko yote lilikuwa sinia. Kwa Mwalimu tulikula sinia moja watu sita, kila mmoja akichovya chapati yake kwenye mchuzi uleule. Mchuzi ukishachovywa chapati mara kumi una chembe zake. Nikaomba niwe ninapakua changu kwenye bakuli kabla ya wenzangu kuanza. Ombi dogo hilo ndilo lililoniharibia.

Kwanza walicheka. "Ukuti amekuwa bibi harusi, ana bakuli lake." Kisha kicheko kikaisha. Bi Chausiku aliniuliza mbele ya wote, akiwa ameshika mwiko, "Weye, mchuzi wangu una uchafu?" Nikamwambia, "Hapana, Bi Chausiku, wewe unapika vizuri, ni tumbo langu." Akasema, "Tumbo lako lilizaliwa kama matumbo mengine. Ngano wanakula hata wagonjwa. Sema tu umezoea muhogo wa Ilagala." Alasiri moja, nikiwa nimejilaza chumbani, nilimsikia jikoni na jirani wakichambua mchele.

"Huyo ana pepo," alisema jirani. "Pepo wana miiko yao. Wa shangazi yangu alikuwa hataki samaki asiye na magamba. Kambale akiingia nyumbani, yeye anaanguka."

"Sasa wa huyu ndiyo ameona akatae mkate?"

"Pepo wa kizungu huyo, anaijua ngano."

"Wa kizungu angeitaka ngano, shoga. Huyu wa Kiha kabisa, anataka muhogo."

Wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi niliyekuwa nasoma kitabu cha Mungu toka alfajiri, nikiomba kinga Kwake asubuhi na jioni, nililala nikisikiliza wakinichagulia pepo kama watu wanaochagua kitambaa dukani. Sikutoka kuwajibu. Nilihesabu kutojibu kuwa ni subira. Leo nadhani nusu yake ilikuwa woga.

Siku wanawake wa Bangwe walipokuja kututazama, walileta beseni la maandazi ya iliki, na mkubwa wao akachukua moja kwa mkono wake mwenyewe, akanipa. Nilipokea kwa mikono miwili, nikamwambia kwa adabu kwamba nina ugonjwa wa tumbo na ngano hainipendi, nikamwomba anisamehe. Mama yule hakukasirika. Alisema, "Pole mwanangu," akampa Zena. Aliyekasirika ni Mwalimu. Walipoondoka aliniita mbele ya wasichana wote. "Mwalimu wa watoto analishwa na wazazi," alisema. "Leo anakula kwa huyu, kesho kwa yule, na chakula cha maskini hakirudishwi. Wewe utakwenda kwenye nyumba za watu na orodha? Na Mungu amekataza mja asijiharamishie alichomhalalishia." Nikamwambia, "Sijaiharamisha, Mwalimu. Inanidhuru." Akasema, "Ukaidi nao unadhuru."

Nilimpenda Mwalimu Bi Nuru, na ninampenda mpaka leo. Herufi ya kwanza niliyoijua nilioneshwa na kidole chake. Maneno yake yalikuwa na uzito, kwa kuwa ni kweli chakula cha maskini hakirudishwi. Lakini alikuwa ametufundisha mwenyewe, mwezi mmoja kabla, kwamba Mtume aliandaliwa nyama ya mnyama mfano wa guruguru, akarudisha mkono, akasema si chakula cha kwao. Wenzake wakala mbele yake, naye hakuwakataza wala hakuwatukana. Wiki ile katika darsa la alasiri niliinua mkono, nikauliza, "Mwalimu, yule aliyeacha kula nyama ile, je, alikuwa amejiharamishia halali?" Wasichana wote wakainamisha vichwa. Mwalimu akafunga kitabu. "Darsa limekwisha," alisema. Na jikoni, kabla ya magharibi, Bi Chausiku alikuwa ameshapata habari. "Anamfundisha mwalimu wake dini," nilimsikia. "Ngojeni. Mimi nitampima."

Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba Alhamisi inayofuata wanawake wa Bangwe watarudi, na mimi na Zena tutasoma mbele yao, kila mmoja kwa zamu, kisha wachague. Nikajiandaa. Jumapili asubuhi Bi Chausiku aliniletea uji wa mtama mwenyewe, kwenye bakuli langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kunywa, upate sauti," alisema. Niliguswa. Nilidhani amenionea huruma, nikamwombea dua. Uji ulikuwa mlaini kuliko siku zote, nami nikamsifu, hilo Asha hakukosea. Jumatatu akaniletea tena. Jumatatu ileile usiku tumbo lilianza. Jumanne nilitapika. Nikajiuliza nimekula nini, nikapitia kila kitu, uji sikuutilia shaka kwa kuwa ulikuwa wa mtama, na ulikuwa umetoka mikononi mwa mtu aliyenitakia heri. Jumatano niliunywa uleule kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichoamini hakiniumizi. Ndipo nikafika mahali ambapo sikuwahi kufika. Nilianza kusema moyoni kwamba labda wao ndio wenye haki. Labda ngano haihusiki na lolote, labda ni ukaidi wangu, labda kweli kuna kitu ndani yangu kinachokataa riziki ya Mungu. Nilitubu dhambi ambayo sikuifanya. Hilo ndilo hawakulijua wanaocheka.

Alhamisi wageni walikuja, wakakaa ukumbini. Zena alisoma. Likaitwa jina langu, nikasimama nikishika ukuta, nikapiga hatua tatu, miguu ikaniacha. Walinirudisha chumbani wakanilaza, na kwa lile dirisha dogo nikasikia sauti ya Bi Chausiku jikoni, akiwaambia wanawake walionifuata kuja kuuliza nimepatwa na nini. "Hana kitu. Mimi nimemtilia ngano kwenye uji siku nne, leo ya tano, amekunywa na kusifu. Mbona hajafa? Angekuwa mkweli angekuwa kaburini." Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Lakini si ndiyo huyo ameanguka?" Bi Chausiku akamjibu, "Ameanguka kwa kuogopa kusoma."

Nimefundisha miaka mingi na nimesikia hoja mbovu za watoto wa kila aina, lakini mbovu kama ile sijaisikia. Nililishwa bila kujua, na mwili ukaumwa bila kujua umelishwa. Ushahidi gani mwingine waliuhitaji? Ulikuwa umelala mkekani, mdomo umejaa vidonda, hatua sita kutoka mahali walipokuwa wamesimama. Nao wakatoka wakiwa wameshawishika kwamba mimi ni mwongo. Watu huniambia, hasa vijana wenye elimu ya dini, kwamba ule ulikuwa mtihani wa Mungu na malipo yake yapo. Malipo nayatumaini. Lakini mitihani ya Mungu naijua, nimezika watoto wawili na mume, na yote nimeipokea kwa mikono miwili. Ule ulikuwa mtihani wa Chausiku, na sioni kwa nini nimbebeshe Mungu kazi ya mikono yake.

Bangwe alipewa Zena. Sikumwonea wivu kwa muda mrefu, kwa kuwa alikuja kuniaga akilia na kunisugua miguu. Mwalimu alikuja chumbani siku ya tatu. Alikuwa ameshasikia habari za uji, hilo nililiona usoni mwake. Alikaa pembeni ya mkeka, akaninywesha maji ya mchele kwa kijiko, akasema, "Mambo ya jikoni yaishie jikoni, mwanangu. Ukipata nafuu nitakuruhusu ukafundishe Ilagala. Wale nao hawana mtu." Lilikuwa jambo kubwa, ruhusa ile niliyoililia mwaka mzima. Nilijua namna ya kujibu, mkono wake niubusu na nishukuru. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mwalimu, ulinikemea mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu."

Akaweka kijiko chini. "Unanipa sharti?"

"Sikupi sharti, Mwalimu. Nikienda Ilagala na jina hili litanifuata. Wazazi watasema ni yule mwongo, ni yule mwenye pepo. Watoto wa nani nitawafundisha?"

"Unajua unamwambia nani maneno hayo?"

"Namwambia aliyenifundisha kwamba haki husemwa hata juu ya nafsi yako."

Alinyanyuka, akatoka, na kwa siku nne hakuingia tena. Bi Chausiku hakunijia kabisa. Chakula changu alinipikia msichana wa Kalinzi, muhogo na samaki wa kuchemsha kwenye chungu cha peke yake, bila kuambiwa na mtu, na kila akiniletea alikuwa akila tonge la kwanza yeye mbele yangu ili nione. Nilikuwa nimeshafunga kanga zangu mbili na kitabu changu, nikingoja tu nguvu za kutembea mpaka kwenye boti. Niliamini nimepoteza vyote, Bangwe na Ilagala na Mwalimu.

Ijumaa ilikuwa siku ya darsa la wanawake, na ukumbi ulijaa kama kawaida, wa mjini na hata wale wa Bangwe. Mwalimu alimtuma mtu anilete. Nilishikwa mkono nikaketishwa kwenye mkeka mbele, karibu na kiti chake. Bi Chausiku alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Mwalimu hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku ile aliyapunguza zaidi. "Mtoto huyu aliniambia ngano inamdhuru," alisema. "Nilisema ni ukaidi, na nilisema mbele ya watu. Alikuwa mkweli. Akalishwa kwa siri ndani ya nyumba yangu, na hilo liko shingoni mwangu mimi mwenye nyumba. Ninamwomba radhi mbele yenu. Anakwenda kufundisha Ilagala kwa idhini yangu, na nyumba atakayoingia asilazimishwe chakula." Nilisikia birika likiwekwa chini na ndara za Bi Chausiku zikienda uani. Mama mkubwa wa Bangwe alikohoa, akatazama mikono yake.

Mwalimu akaninong'oneza, "Utaweza kusoma?" Nikamwambia nitaweza. Akataka kuniahirishia, akisema wataelewa, mgonjwa ana ruhusa yake, nami nikamwambia tena kwamba nitaweza. Nikaanza yale niliyokuwa nimeyaandaa kwa ile Alhamisi. Sauti ilitoka nyembamba, kisha ikapata njia. Nilisoma mpaka mwisho, sikuruka hata aya moja. Nilisoma nikiwa nimekaa, kwa kuwa miguu ilikuwa bado haina nguvu, na sikutaka mtu yeyote mle ukumbini asahau kwa nini.